Mia Iliyolala Jeddah

Enzi zetu, na najua kuna watakaocheka kumsikia mtu asiye na mvi hata moja akisema enzi zetu, pool ilichezwa kwa mdomo kwanza na fimbo baadaye. Ulisema unachokusudia kufanya, wote wakakusikia, ndipo ukainama. Siku hizi kijana anabana jicho, anapiga kwa nguvu zake zote, boli tatu zinatumbukia mahali ambapo hakuzitarajia, na wenzake wanampigia makofi. Kwetu boli hizo zingetolewa mfukoni na kurudishwa mezani, na yeye angeambiwa akakae.

Ninaposema kwetu simaanishi Mombasa ninakoishi sasa, wala Taita walikotoka wazazi wangu. Namaanisha Saudia. Nawaandikia nyinyi wenzangu, watoto wa ikama, ambao baba zenu walisombwa na wimbi lile la ajira wakati kila mtaa wa Kenya ulikuwa na ajenti na kila ajenti alikuwa na foleni mlangoni. Wengi waliokwenda waliwaacha watoto kwa bibi zao. Akina mama wengi walilala kwenye vyumba vidogo nyuma ya jiko la madam, wakiwalea watoto wa wengine. Sisi wachache, kwa sababu ya cheo kilichoandikwa kwenye ikama ya baba, kile kibali cha kuishi kule, tuliruhusiwa kuwafuata. Tulikuwa na bahati kubwa na tulidhani ni maisha ya kawaida.

Nilianzia Riyadh, kabla meno yangu ya mbele hayajang'oka. Mnakumbuka maji ya kiangazi? Bomba la baridi lilikuwa linaunguza, kwa sababu matangi yalikaa juani juu ya paa. Mama akagundua ujanja ambao nadhani kila mama Mkenya kule aliugundua: ukifika mwezi wa sita alizima hita ya bafuni, maji yaliyomo yakapoa kivulini, tukawa tunafungua bomba la moto ili tuoge maji ya baridi. Nikiwasimulia binamu zangu wadogo wananitazama kama nina homa. Vumbi likija, Mama aliloweka taulo akaziba chini ya mlango, nasi tukakaa sebuleni tukila biskuti za tende na kusikiliza mchanga ukigonga dirisha. Duka likifungwa saa ya swala tulibaki nje tumeshika riali zetu mpaka zikalowa jasho. Shule ilikuwa ya Wahindi. Basi lilikuja alfajiri, na nikirudi nikiwa nachanganya Kihindi, Kiarabu na Kiingereza, Mama alikuwa ananisubiri mlangoni. "Viatu nje, Wakesho, na lugha za watu nje," alisema. "Humu ndani tunaongea kama watu wa kwetu."

Baba alikuwa fundi wa viyoyozi, baadaye msimamizi wa mafundi wenzake. Kampuni yake ilikuwa na makazi ya wahandisi wa kigeni, na ukumbini mwao mlikuwa na meza kubwa ya pool yenye mifuko ya nyavu. Juu ya meza ulipita waya uliotungwa shanga za mbao. Baba aliitwa kutengeneza kiyoyozi cha ukumbi ule, na kiyoyozi kile kikawa kinaharibika kila wiki. Ukweli ni kwamba mhandisi mmoja alikuwa hana mwenzake wa kucheza, akamfundisha Baba mchezo wao wa zamani. Haukuwa na boli za huyu na boli za yule. Zote kumi na tano zilikuwa za kila mtu, kila moja ilikuwa pointi moja, na aliyetangulia kufika mia ndiye mshindi. Shanga za wayani zilikuwa za kuhesabia. "Ni mchezo wa watu wenye subira," Baba alimweleza Mama. Mama akamwambia subira hiyo aje nayo siku ya kupanga foleni ya mkate.

Mkataba wa Riyadh ulipokwisha wahandisi waliondoka, na kampuni ikawahamishia wafanyakazi wake Jeddah. Hakuna aliyeitaka meza. Baba na wenzake waliifungua vipandevipande, wakaipakia kwenye lori pamoja na magodoro na majiko, nasi tukafuata kwa basi, safari ya kutwa nzima ambayo niliimaliza nikiwa nimetapika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Jengo letu lilikuwa Al-Baghdadiyah, kati ya vinyozi, maduka ya vitambaa na nyumba nyingine za wafanyakazi. Joto la Jeddah lilikuwa la majimaji, tofauti na lile kavu la Riyadh. Upepo ukitoka Corniche ulileta harufu ya bahari na samaki wa kukaanga. Ijumaa asubuhi nilitumwa kununua foul, maharagwe yao ya asubuhi, na mkate wa tamisi, ule mpana unaotoka tanuri ukiwa na mapovu ya moto, na njiani nilikuwa naumega pembeni kidogo kidogo. Kila Ijumaa Mama aliuinua mkate ule juu ya taa akauliza panya wa Jeddah wana meno ya namna gani. Kila Ijumaa nilisema sijui.

Baada ya foul Baba alinishusha ukumbini, ghorofa ya chini, wakati wanaume wengi walikuwa bado wamelala. Jengo lilijaa madereva, walinzi na vibarua, karibu wote Wakenya, na meza ile ndiyo iliyokuwa kanisa lao, klabu yao na baraza lao. Nilikuwa mfupi, kwa hiyo Baba alinitafutia kreti la soda nisimame juu yake, na kila nilipotaka kupiga kutoka upande mwingine nililibeba kreti langu nikazunguka nalo.

Majina ya kigeni ya mchezo ule yalipotelea Riyadh. Wanaume wa jengo letu waliyabadilisha kwa ya kwao, na mwingi wa ubatizo ulifanywa na dereva mmoja aliyeitwa Ouma, mtu wa Kisumu mwenye sauti ya kuamsha ghorofa zote nne. Kusema boli unayoitaka na mfuko itakapoingia kulikuwa kutaja. Ya kumi na tano, ile inayoachwa mezani peke yake wakati zile kumi na nne zinapangwa upya ili mchezo uendelee, iliitwa mbegu. Kumwachia mwenzako mpira mweupe mahali asipoweza kufanya lolote kulikuwa kumfungia mlango. Ukikosea, kwa mfano mpira mweupe ukaingia mfukoni, ushanga wako mmoja ulirudi nyuma. Ukikosea mara tatu mfululizo zilirudi kumi na tano kwa mpigo, na adhabu hiyo waliiita huruji, kama ule muhuri wa kuondoka nchini bila kurudi. Na kama hesabu yako ilikuwa ndogo ikashuka chini ya sifuri, uliambiwa uko kwa kafili, yule mwajiri anayeshika kibali chako, kwa maana kila utakachokipata sasa si chako.

"Nambari saba, kona ya mlangoni," Ouma alikuwa akitangaza, chaki imempaka hadi puani. "Nimetaja, si ndiyo? Wote mmeskia. Kesho msiniletee maneno." Kisha simu yake ingelia, naye angesimama wima kama mwanajeshi. "Naam, madam. Aiwa, madam. Yalla, nakuja." Akaweka fimbo chini. "Halas, wazee. Ilale. Madam anataka kwenda kuangalia mapazia."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu kubwa, ambayo sidhani wahandisi waliijua. Mtu wa kazi zile hakuwa na saa yake mwenyewe. Madam akipiga simu, baba wa nyumba akitaka kupelekwa uwanja wa ndege, lori la saruji likifika, unaondoka. Kwa hiyo hakuna mia iliyofutwa kwa sababu mtu ameitwa. Ililala. Kila wawili waliopenda kucheza pamoja walikuwa na waya wao ukutani, nusu ya huyu na nusu ya yule, na mchezo ukilala walibana kibanio cha nguo mbele ya shanga ili zisisogee. Ukuta wa ukumbi ule ulikuwa na nyaya nyingi mpaka mgeni akadhani tunaanika nguo. Wiki ikapita, mwezi ukapita, wawili wakikutana tena walipanga boli upya, wakatoa vibanio, na hesabu ikaendelea pale ilipokuwa.

Na kulikuwa na sharti moja lililokwenda na desturi hiyo. Aliyegongewa huruji ya kweli kwenye pasi yake haruhusiwi kuanza mia mpya. Sharti hilo lilitungwa baada ya mwashi mmoja kwenda zake nyumbani na kuacha mia imelala, mwenzake akawa hakubali waya uondolewe. Kila Ijumaa alikuja, akaufuta vumbi, akakaa kando yake. Watu walimwonea huruma mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba mtu anayeondoka amalize alichonacho, kisha ashushe waya wake na kuukunja.

Waya wangu na Baba aliutengeneza mwenyewe kwa shaba iliyobaki kazini. Mama alitoa mkufu wake wa shanga uliokuwa umekatika, tukaongezea nyingine kutoka soko la Balad. Zangu zilikuwa za buluu, zake nyeupe, na kila ya kumi ilikuwa nyekundu. Lakini mimi sikuruhusiwa kuzigusa za kwangu. Katika mchezo ule shanga zako husogezwa na mpinzani wako, na yeye ndiye anayeitamka hesabu kwa sauti. Nilipotia boli, Baba aliinua fimbo yake, akausukuma ushanga wangu, akasema, "Kumi na saba." Alipotia yeye, nilipanda juu ya kreti nikasukuma wa kwake, nikasema namba yake hata kama moyoni nilikuwa nimenuna. Na hapo hakuna ujanja, maana mkono unaokuhesabia ni wa mtu anayetaka ushindwe.

Baba kweli alitaka nishindwe. Kina baba wengine walikuwa wanawaachia watoto wao ushindi, kisha wanawabeba mabegani. Baba yangu hakuwa na mambo hayo. "Humu hakuna kuachiana," alisema. "Siku utakayonishinda nataka niumie." Nimepelekwa kwa kafili mimi, tena mbele ya Ouma. Nililia ndani ya glasi ya maziwa ya laban ili wasione. Kisha nilipanda ghorofani, nikachukua mpini wa ufagio na gololi zangu, nikafanya mazoezi kwenye zulia la koridoni mpaka Mama akateleza kwenye gololi na kunipa adhabu nyingine. Sikuacha. Nilikuwa mtoto mbishi, na nashukuru, kwa sababu vitu vyote vizuri nilivyonavyo nimevipata kwa ubishi.

Kisha ada ambazo serikali ya kule ilitoza kwa kila mwanafamilia wa mgeni zikapanda. Mnakumbuka mwaka ule, madawati ya shule yakianza kubaki wazi. Leo ameaga Mkenya wa ghorofa ya pili, kesho Msudani wa mkabala. Nyumbani kwetu wazazi walianza kuongea kwa sauti ya chini jikoni, na nilipoingia walianza kuongelea vitunguu. Mimi sikuuliza kitu. Niliogopa jibu.

Jibu lilinifuata ukumbini. Ijumaa hiyo Baba alinishinda kama kawaida, nami kama kawaida ya aliyeshindwa nikachukua pembetatu nianze kupanga boli za mia mpya. Nilipoinua macho nikamwona Baba hajachukua fimbo. Alikuwa anaufungua waya wetu ukutani.

"Leo tupumzike," alisema.

"Nani kagongewa huruji?"

"Wewe na Mama. Mimi nabaki kidogo, nimalizie mkataba."

"Basi wewe hujagongewa. Unaweza kuanza mia."

"Wewe ndiye umegongewa, mama. Unalijua sharti."

"Pasi yangu sijaiona," nilisema. "Mimi siendi popote."

Nikapanga zile boli. Kwa hasira zangu pembetatu ikawa inapinda, nikairudia mpaka ikakaa sawa. Ouma alikuwa amesimama mlangoni na mkate wake mkononi, na yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa masharti yote ya jengo. Baba alimtazama. Ouma alitazama dari.

"Usiniangalie mimi, fundi," alisema. "Mi bado nimelala. Nikiamka ntauliza."

Baba akaurudisha waya mahali pake.

Tulicheza kila nafasi tuliyopata, hata jioni za katikati ya wiki akirudi na mafuta ya mashine kwenye mikono. Sijawahi kucheza vile. Nilitaja kwa sauti, nilimfungia mlango bila huruma, na kila aliposukuma ushanga wangu nilihisi nimezuia ndege isiruke. Nilikuwa nimeshawishika kwamba mtu hawezi kusafirishwa akiwa katikati ya mia. Siku masanduku yalipopimwa nilikuwa na themanini na nane, yeye ana tisini na nne, na nje gari lilikuwa linapiga honi. Baba alibana vibanio viwili, cha kwangu na cha kwake, akavivuta kuona kama vimeshika.

"Imelala," aliniambia. "Tutaiamsha."

Kile kidogo chake kikawa miaka. Nilimaliza shule ya msingi Changamwe, ambako walinicheka kwa Kiswahili changu chenye vumbi la Kiarabu. Nikamaliza sekondari, nikaingia chuo. Kila Ijumaa Baba alipiga simu, na kabla ya salamu kuisha nilikuwa nimeuliza, "Waya upo?" Naye alijibu, "Upo. Vibanio vipo." Likizo ziliahirishwa. Kafili alitaka aongeze mwaka, kisha akaongeza mwingine. Kila aliposema anakuja Mama alisema, "Haya. Tutatandika kitanda akishafika." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayezungumzia mvua. Mimi ndiye niliyekuwa na uchungu. Kuna siku niliuchukia ule waya, kwa kuwa uliniambia Baba atarudi, na kuna siku ndio pekee uliokuwa ukiniambia hivyo.

Alirudi wakati jengo lilipowekwa alama na watu wakaambiwa wahame mtaa mzima ubomolewe. Niliona uwanja wa ndege mtu mwembamba mwenye miwani akinitafuta kwenye kimo cha kreti la soda, wakati mimi nimesimama mbele yake nikiwa mrefu kumzidi. Nyumbani alifungua sanduku. Kulikuwa na mablanketi mazito ambayo Mombasa hayana kazi, tende, udi wa Mama. Chini kabisa, ndani ya taulo, kulikuwa na waya wetu umekunjwa duara, vibanio vimezungushiwa utepe wa fundi ili visichomoke. Nilizihesabu shanga nikilia, na Baba akajifanya anatafuta chaja.

Natamani ningeweza kuwaambia kwamba yaliishia hapo. Nyinyi mnajua hayaishii hapo. Hata mwezi haukupita, ajenti akaanza kupiga simu. Fundi aliyefanya Riyadh na Jeddah, anayejua Kiarabu, anatafutwa. Mshahara ni mzuri kuliko ule wa kwanza. Baba alikuwa akitoka kwenda kuongea nje, karibu na kamba ya nguo, akirudi anasema ni watu tu. Hakukataa. Hakukubali. Kisha nikaona picha mpya za pasipoti kwenye kabati la vyombo, zimepangwa nyuma ya sahani. Mama alikuwa ameziona kabla yangu. Alipika kimanga siku hiyo, akaponda maharagwe na mihogo kwa nguvu ambayo haikuhitajika.

Nikaamua tumalize mia. Nilikuwa na sababu, na nawaambia waziwazi. Mia ikimalizika kuna mambo mawili tu mtu anaweza kufanya: apange mpya, au ashushe waya. Na Baba, mtu ambaye maneno yake yote makubwa aliyasema na fimbo mkononi, asingeweza kunificha hapo. Kama anaondoka nilitaka nijue nikiwa nimesimama, siyo niikute sahani imesogezwa na picha hazipo.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, sisi watatu, kwenye ukumbi wa pool nyuma ya soko. Mama alikuja kwa sababu, alisema, shanga ni zake. Meza za huku ni ndogo, za kutumbukiza sarafu, na boli ikishaingia mfukoni haitoki mpaka ulipe tena. Baba aliizunguka ile meza akitikisa kichwa. Boli isiyotajwa ikiingia itarudishwaje? Mbegu itaachwaje? Kisha akaketi kwenye benchi, akavua viatu, akavua soksi. Mama akafungua mkoba na kutoa soksi nyingine nne, maana alikuwa amefikiria. Tukaziba mifuko yote sita, boli zikawa zinaingia na kutulia pale juu, mkono unazitoa. Vijana wa pale walikufa kwa kicheko. "Mzee, kwani unaanua nguo?" mmoja aliuliza. Baba alimweleza mchezo. Kijana alisikiliza mpaka mia, akauliza kama hakuna toleo fupi.

Boli za huku hazina namba, kwa hiyo tulitaja kwa kuonyesha. "Ile nyekundu ya pembeni, kona yako." Baba alikuwa ameufunga waya kati ya misumari miwili, akatoa vibanio, akaviweka mfukoni mwa shati. Mchezo ukaamka.

Miwani ilimsumbua, lakini msidhani aliniachia. Alitia tatu mfululizo, nami nikamsogezea na kutamka, "Tisini na saba." Alipokosa ya nne alikuwa amenifungia mlango vizuri sana mpaka vijana walisogea karibu kutazama. Nilikosea nikijaribu kutoka, ushanga wangu ukarudi mmoja. Nilimwona akitabasamu, yule mzee, nikajua bado anataka nishindwe, na kwa mapenzi yaliyonijia hapo nilitaka kumkumbatia na kumpiga na fimbo kwa wakati mmoja. Akafungua mlango kwa bahati mbaya katika pigo lililofuata. Nikaingia. Nilitaja polepole, moja, kisha nyingine, nikiacha mbegu mahali pake kama alivyonifundisha nikiwa juu ya kreti. Kila moja aliisogeza na kuitamka. "Tisini na tano. Tisini na sita." "Tisini na tisa."

"Njano," nilisema. "Kona ya mlangoni."

Ikaingia kwenye soksi ya Mama bila sauti.

Baba aliinua fimbo, akaugusa ushanga wa mwisho, ule mwekundu. Hakuusukuma mara moja. Nilimtazama mkono, nikiomba, kwa sababu baada ya huo ushanga sikuwa na kingine cha kumshikia. Akausukuma. "Mia," alisema, kwa sauti kubwa kama lilivyotaka sharti, na sauti ikakwaruza mwishoni. Kwa kweli aliumia. Nilifurahi kuona hivyo.

Kisha akaunyooshea mkono ule waya, nami nikaangalia pembeni. Nilisikia shanga zikiteremka, nikadhani anaufungua. Nilipogeuka waya ulikuwa bado umening'inia. Alikuwa amezirudisha zote mwanzo, za buluu na nyeupe, kila moja mahali pake. Alitoa vibanio mfukoni, akamkabidhi Mama.

"Kaanikie nguo," alimwambia.

Akachukua pembetatu, kama inavyompasa aliyeshindwa, akaanza kupanga, akiinamia karibu sana na meza kwa sababu ya macho. Mama alivitazama vile vibanio kiganjani, akavitia kwenye mkoba, akaufunga.

Enzi zetu, enyi watoto wa ikama, tulihesabiana kwa mikono na tulingojana. Siku hizi binamu zangu wanacheza pool kwenye simu na mtu aliye Brazili, na mtandao ukikatika mchezo unafutika na hakuna anayemkumbuka mwenzake. Wananiambia ni rahisi zaidi. Ni kweli, ni rahisi. Sasa kila Jumamosi nakwenda na soksi zangu nyuma ya soko, na tangu siku ile Baba ameshanirudishia kipigo zaidi ya mara moja.

Ajenti hakukoma upesi. Alipiga tena Jumatatu iliyofuata, Baba akiwa uani anashindilia sponji kwenye kiti cha baiskeli. Mama ndiye aliyeishika simu. Alimsikiliza mpaka mwisho, mshahara, tiketi, chumba chenye kiyoyozi, akamshukuru kwa adabu.

"Haiwezekani," alimwambia. "Ameanza mia."